Begonia Imenipita Mabega: Nikate au Nibadilishe Chungu?

Swali: Mwalimu, nina begonia ya ndani, ile yenye majani marefu ya kijani, madoa meupe juu na wekundu chini. Nilipewa kipande cha urefu wa kiganja, na sasa ni mwaka wa tatu. Ina mashina mawili tu, yote yamenipita mabega. Chini ni vijiti vitupu, majani yote yamekimbilia juu. Mara mbili imeanguka na chungu chake. Rafiki mmoja ananiambia niihamishie kwenye chungu kikubwa ipate kutulia. Mwingine anasema niiache kwenye hicho kidogo ili idumae. Kukata naogopa, maana ndiyo kwanza imeanza kutoa maua. Nifanyeje ibaki na kimo cha kuweka mezani? Na nikiikata, haitakufa?

Jibu: Ndugu yangu, haitakufa. Nalisema hilo mapema ili yaliyobaki uyasome ukiwa umetulia. Begonia ya aina yako hukatwa ikabaki na vifundo viwili au vitatu juu ya udongo, na bado ikachipua. Ninazozijua zilizokufa zilikufa kwa maji mengi, mara chache sana kwa mkasi. Marafiki zako wote wawili wameshika kitu ambacho si kiini cha tatizo. Chungu nitakifikia, lakini hakianzi.

Kwanza tuhakikishe tunaongelea mmea mmoja. Begonia ni ukoo mkubwa, spishi zake zimepita 2,000, na ushauri unaofaa moja unaweza kuiharibu nyingine. Kwa mtu mwenye chungu kimoja dirishani, yatosha kutofautisha makundi mawili. Kuna zinazosimama, mashina yake yana pingili kama mwanzi, na kila pingili imefungwa na kifundo kilichovimba kidogo. Kuna zinazotambaa: shina lake ni nene, lina makovu, limelala juu ya udongo kama kiwavi, na majani yanatoka humo kwa vikonyo virefu. Yako inasimama. Kwa madoa hayo na wekundu huo wa chini, yaelekea ni Begonia maculata, ambayo asili yake ni Brazili, au chotara wake. Mmea huu ndani ya nyumba kufika mita moja na zaidi ni jambo la kawaida kabisa. Kwa hiyo haujaugua wala hukuukosea. Umekua tu bila kuelekezwa.

Sasa, kwa nini umekwenda juu badala ya kutanuka? Ncha ya shina hutengeneza homoni inayoitwa oksini, na homoni hiyo hushuka ndani ya shina ikiyanyamazisha macho yote ya pembeni, yaani machipukizi yaliyolala kwenye vifundo. Maadamu ncha ipo, macho yamelala. Ndiyo maana una nguzo mbili badala ya kichaka. Ukiiondoa ncha, macho mawili au matatu yaliyo karibu na mkato huamka, kila moja likatoa tawi. Kwa hiyo usiuone mkasi kama kifaa cha kupunguza mmea. Ndicho kifaa pekee ulicho nacho cha kuuagiza utoe matawi, na wapi.

Sababu ya pili ni mwanga, na hii unaweza kuipima leo hii. Chukua rula, upime umbali kati ya kifundo na kifundo, kuanzia chini kupanda juu. Kama pingili za chini ni fupi, tuseme sentimita 3 au 4, na za juu ni 8 au 9, basi mmea ulianza maisha mahali penye mwanga ukaja kuhamishiwa penye giza, au kuna kitu kimekuja kuziba dirisha. Begonia yenye kiu ya mwanga hurefusha pingili ili ifike mbele. Kama pingili zinalingana, mwanga hauna kesi, tatizo ni kwamba haijawahi kukatwa ncha. Nakuomba upime kabla ya kukata, kwa sababu ukikata ukairudisha kwenye kona ileile yenye giza, matawi mapya yatatoka membamba na marefu kama yale ya mwanzo, na mwaka ujao utaniandikia swali hilihili.

Na kuhusu vijiti vitupu vya chini: jani halirudi mahali lilipodondoka. Kovu ni kovu. Kinachoweza kutoka hapo ni tawi, tena si kila mahali. Naomba tukae hapa kidogo, maana watu wengi hukata kwa kukisia.

Shika shina moja, lifuate kwa kidole kutoka udongoni. Kila kifundo utakisikia kama pete. Geuza chungu uangalie upande ambao jani lilikuwa limeshikilia: kuna kovu, na juu yake kidogo, kama una macho mazuri au miwani, utaona kivimbe mithili ya kichwa cha pini, mara nyingine chenye wekundu. Hilo ndilo jicho. Kifundo kinachofuata jicho lake litakuwa upande wa pili, na kinachofuata limerudi upande wa kwanza. Vifundo vingine vina kibaki kikavu cha kikonyo cha maua. Hivyo usivitegemee, jicho la hapo limekwisha kutumika kwa maua, na kwa kawaida halitoi tawi. Tafuta kifundo ambacho hakijawahi kuchanua. Katika mmea wako uliochanua kwa mara ya kwanza hivi karibuni, vifundo vya chini karibu vyote vitakuwa bado na macho yake, na hilo ni jambo la heri.

Ukishajua macho yako wapi, amua urefu. Walimu wengine watakwambia kata mashina yote mawili siku moja. Si vibaya. Mimi kwa mtu mwenye hofu napendelea kuanza na moja. Shina refu zaidi likate chini, juu ya kifundo cha tatu kutoka udongoni. Lile la pili liache na majani yake liendelee kuulisha mmea. Machipukizi yakishatokea kwenye la kwanza na kufikia urefu wa kidole, kata la pili, na hili usilishushe sana, liache sentimita 25 hivi. Mashina yakipishana urefu, matawi yatajaza sehemu tofauti. Ukiyalinganisha kama uzio, yote yatatoka kwa usawa mmoja na chini pataendelea kuwa patupu.

Mkato uwe nusu sentimita hadi moja juu ya kifundo. Ukiacha kijiti kirefu juu ya jicho la mwisho, kitaoza, na uozo hushuka. Ukikata karibu mno, unaweza kulijeruhi jicho lenyewe. Mkasi uwe mkali, ulioufuta kwa spiriti, kwa sababu shina la begonia limejaa maji na mkasi butu hulisaga badala ya kulikata. Usipake kitu chochote kwenye kidonda. Kiache kikauke kwa hewa, na siku chache hizo ukimwagilia, mimina kwenye udongo tu, maji yasiguse mkato.

Wakati mzuri ni pale mmea unapokuwa katika kukua. Kwa walio kwenye nchi zenye majira ya baridi kali, ni siku zinapoanza kurefuka. Kwa wenye joto mwaka mzima, wakati wowote unaouona unatoa majani mapya. Ukikata mmea uliolala, hautakufa, ila macho yatakawia na wewe utaanza kupata wasiwasi na kumwagilia.

Na hapo penye wasiwasi na kumwagilia ndipo penye hatari yenyewe. Mmea uliopoteza nusu ya majani yake hunywa nusu ya maji, pengine hata pungufu ya hapo. Mizizi ni ileile, udongo ni uleule, lakini hakuna majani ya kuyavuta maji na kuyapeleka hewani. Ukiendelea na ratiba yako ya zamani, udongo utakaa na maji wiki nzima. Ingiza kidole hadi kiungo cha kwanza, sentimita 2 au 3. Kama pana unyevu, ondoka. Mbolea usiweke kabisa mpaka machipukizi yatoe majani yake ya kwanza.

Sasa chungu. Begonia yangu ya kwanza ya kusimama niliihamisha na kuikata siku moja, nikaitia kwenye chungu cha ukubwa wa ndoo, nikijisifu kwamba nimeipa nafasi. Mwezi haukwisha nikaona shina limelegea pale linapoingia udongoni. Nililibonyeza, kidole kikazama. Mizizi michache ilikuwa imezungukwa na udongo mwingi usio na mizizi, na udongo usio na mizizi haukauki. Tangu hapo nina kanuni mbili: sihamishi na kukata siku moja, na chungu kipya hakizidi cha zamani kwa zaidi ya sentimita 2 hadi 4 za upana.

Rafiki yako anayetaka chungu kikubwa ana hoja moja nzuri, kwamba mmea unaanguka. Lakini unaanguka kwa sababu uzito wote uko juu na chungu ni chepesi. Ukishakata, nusu ya tatizo imeondoka. Nusu iliyobaki, tumbukiza chungu cha plastiki ndani ya cha udongo kilicho kizito, au panga mawe kati ya viwili hivyo, maji yakipata njia ya kutoka. Shina lile la pili, wakati linasubiri zamu yake, lichomekee kijiti na ulifunge kwa uzi laini, fundo lenye umbo la nane, lisilobana.

Yule wa chungu kidogo naye hajasema uongo. Mizizi ikibanwa, ukuaji hupungua. Ila angalia gharama yake: chungu kilichojaa mizizi hukauka upesi, na begonia ikikauka mara kwa mara hutupa majani. Hutupa yapi? Ya chini. Yaani dawa ya kuzuia kimo inazidisha utupu uleule unaokukera. Begonia hupenda kubanwa kidogo, ila kubanwa mpaka mizizi itoke kwenye matundu ni mateso. Ukifika hapo na hutaki chungu kipana zaidi, iko njia ya kati: itoe, kwangua mizizi ya nje na ya chini, isizidi robo ya bonge lote la mizizi, irudishe kwenye chungu kilekile na udongo mpya mwepesi. Udongo wa bustani peke yake haufai, hugandamana. Mboji iliyoiva, nyuzi za makumbi ya nazi na perlaiti (zile punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo) au mchanga wa chenga kubwa, kwa kiasi cha kufanya ukiufinya mkononi usishikane kama tonge.

Vipande ulivyokata usivitupe. Hapa ndipo penye raha. Ncha ya sentimita 10 au 12 yenye vifundo vitatu, ondoa majani ya chini na ubaki na mawili ya juu, ondoa na maua hata kama roho inauma, kisha itie kwenye glasi ya maji, kifundo kimoja au viwili vikiwa ndani. Badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Kati ya wiki mbili na nne utaona nyuzi nyeupe zikitoka kifundoni. Zikifika sentimita 2 au 3 panda. Ukizisubiri zijaze glasi, mizizi ya majini itapata shida kuuzoea udongo. Sehemu za katikati ya shina nazo huotesha, mradi ziwe na vifundo viwili vyenye macho na usizigeuze juu chini. Mimi hukata upande wa chini kwa mshazari ili nisisahau.

Jani peke yake ni mtego kwa begonia hizi zinazosimama. Litaweka mizizi, litakaa kijani miezi na miezi, na halitakuwa mmea, kwa sababu jicho halipo. Watu husoma habari za begonia kuoteshwa kwa jani, ambazo ni za kweli kwa zinazotambaa, wakazijaribu kwa hizi.

Vipande vitatu vilivyoota, ukipata nafasi pembeni mwa chungu cha mama, vichomeke hapohapo. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kufunika miguu mitupu. Au vipande vitatu pamoja kwenye chungu kimoja kidogo, na hiyo ikawa begonia yako ya mezani, hii ya zamani ukaiacha iwe kubwa sakafuni. Kusema kweli, kama ungekuwa jirani yangu, hili la mwisho ndilo ningekushauri. Maculata kuilazimisha iishi chini ya sentimita 30 maisha yake yote ni kazi ya kila mwezi. Kuiotesha upya kila baada ya miaka miwili ni kazi ya dakika kumi.

Wenye begonia zinazotambaa, neno lenu ni fupi. Kwenu kimo si hoja, ni upana. Shina likishavuka ukingo wa chungu, kata ncha yake, nalo litatoa matawi nyuma. Kipande kilichokatwa kilaze juu ya udongo wenye unyevu kiasi, nusu kizame nusu kionekane. Vyungu vyenu viwe vifupi na vipana, kwa sababu mizizi haiendi mbali. Na jani lenu, ukilikata mishipa ya chini na kulilaza juu ya udongo ndani ya kikasha chenye kifuniko, hutoa vimea vidogo kwenye mikato baada ya miezi miwili hivi.

Turudi kwako. Machipukizi yakitoka, kazi haijaisha. Kila moja likifika majani matatu au manne, dokoa ncha yake kwa kucha. Ndiyo, ile ncha changa uliyoingoja wiki tatu. Litatoa matawi mawili. Fanya hivyo mara mbili tu, kisha uache, kwa sababu begonia huchanua kwenye tawi lililokomaa, na anayedokoa bila kukoma hapati ua hata moja. Kwa mkato huu mkubwa, maua yatachelewa miezi kadhaa. Hilo siwezi kukuficha. Ukitaka kuyafaidi haya ya sasa kwanza, subiri yaanguke ndipo ukate. Wiki chache hazitabadilisha kitu.

Mwanga: weka karibu na dirisha lenye anga ya kutosha, jua la asubuhi halina neno, la mchana lichujwe na pazia jepesi, maana huunguza majani yakawa na mabaka ya kahawia. Kila wiki zungusha chungu robo ya mduara. Usipozungusha, matawi yote yataegemea kioo na utarudi kwenye kuanguka. Mbolea ya maji iliyopunguzwa nusu ya kipimo cha kwenye chupa, kila baada ya wiki mbili au tatu wakati wa kukua, yatosha. Jihadhari na zenye naitrojeni nyingi. Hizo hujaza majani na kurefusha pingili, kinyume cha tunachokitafuta.

Kichaka kikishajaa, chungulia katikati yake. Majani yakisongamana na hewa isipite, huja ubwiri unga, ule weupe kama unga ulionyunyizwa juu ya jani. Ondoa jani lililoshikwa, kisha punguza tawi moja la ndani ili hewa ipate njia. Na kama una paka au mbwa anayependa kutafuna, chungu kiwe juu na vipande ulivyokata usiviache sakafuni. Begonia ina oksaleti, chumvi kali zinazochoma mdomo na kumtapisha, na sehemu za chini ya udongo ndizo kali zaidi.

Siku moja utaona kitu kama mkuki mwekundu kimechomoza moja kwa moja kutoka udongoni, mbali kidogo na mashina ya zamani. Hicho usikidokoe mpaka kifike kimo cha shibiri. Ni shina jipya, na likishatulia unaweza kulikata lile la zamani lenye makovu mengi hadi usawa wa udongo. Kwa kubadilishana hivyo, moja likiingia na moja likitoka kila mwaka, mmea unaweza kuwa na umri wa miaka kumi na usiwe na shina lililozidi miaka mitatu.